Vita ni ya Leta, fakitire ni ya mama?



Kijana mmoja wa kartiye yetu, hapa Beni, alipigwa risasi pa paja. Hatutaji jina lake na hatutaji hospitali, juu jambo hili linatokea ku hospitali mingi na kwa vijana wengi. Hakuwa soda wa mshahara. Alikuwa mzalendo, mmoja wa wale ambao leo wanaitwa reservisti, ni kusema askari wa akiba. Wenzake walifunga kidonda na kipande cha shati, wakambeba pa mgongo mpaka ku barabara. Motari mmoja akamleta usiku bila kuuliza makuta. Waganga walifanya kazi yao: walitoa risasi, wakanyoosha mfupa, kijana akapona. Tunawashukuru.

Kisha karatasi ikakuja. Fakitire.

Mama yake anauzisha sombe pa soko. Alipigia kamanda wa kikundi cha mtoto wake: simu haipiti. Alienda ku kambi ya jeshi, wakamwambia: "Huyu haiko ku liste yetu." Alienda ku ofisi ya Leta, wakamwambia aende aone kamanda. Alirudi ku hospitali, wakamwambia bila kulipa mgonjwa hatoki. Ikawa kijana amepona lakini amebakia pa kitanda wiki tatu zaidi, sawa mfungwa, juu ya deni. Mama akauzisha mbuzi wawili. Kartiye ikachanga kwa simu. Kanisa likatoa. Sisi pia tulizungusha kikapu.

Siku ile alipotoka, mama alituangalia akauliza: "Batoto yangu, vita ni ya Leta. Sasa juu ya nini fakitire ni ya miye?"

Hatukuwa na jibu. Andiko hili ni jibu letu, limechelewa lakini limefika.

Mbona sisi tunasemea watu wa silaha?

Tunajua wengine watashangaa. Sisi ni vijana wa harakati ya raia, hatubebi hata fimbo. Silaha yetu ni mabango, sauti na miguu ya kutembea. Tena tuna sababu ya kukasirikia uniformi. Hapa Nord-Kivu na Ituri tuko chini ya état de siège tangu mwezi wa tano 2021. Hapa hapa Beni, mwaka 2022, vijana wa harakati za raia walihukumiwa na tribunali ya kijeshi kwa sababu ya kusema kwamba état de siège haileti usalama. Tunajua baro za barabara ambapo mkulima analipishwa juu ya mkaa na ndizi zake. Tunajua raia waliopigwa na wale waliopaswa kuwalinda. Hatujasahau kitu hata kimoja, na tutaendelea kukisema.

Lakini tusichanganye mambo. Kudai askari mwenye makosa ahukumiwe ni jambo moja. Kukubali askari aliyeumia aachwe aoze mguu pa sakafu ni jambo lingine. Anayeshika ya kwanza tu anatafuta kisasi, hatafuti haki. Sisi tunashika yote mawili.

Kuna sababu nyingine, na hii inatugusa mfukoni na mwilini. Soda ambaye mtoto wake ana malaria na hana makuta ya dawa, atayatafuta wapi? Tunajua wapi: pa baro, mu shamba la mtu, mu nyumba ya mtu usiku. Hatusemi hiyo inamtakasa. Tunasema Leta ikiacha kulipa dawa ya soda, raia njo anailipa, na mara nyingi anailipa mbele ya bunduki. Ile ingine, ya hospitali, tunailipa kwa kikapu. Pande zote mbili ni sisi tunalipa.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2006 tunaipenda kuisoma, hata kama wakubwa wanapenda kuifunga. Kifungu cha 63 kinasema kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kulinda nchi na mipaka yake ikishambuliwa kutoka nje. Kifungu cha 47 kinasema haki ya afya inahakikishwa. Vifungu viwili, kitabu kimoja. Leta haiwezi kufungua ukurasa wa 63 wakati inaita vijana, kisha ikafunga kitabu wakati vijana wanarudi wanavuja damu.

Kwa askari wa jeshi letu FARDC kuna sheria namba 13/005 ya tarehe 15 mwezi wa kwanza 2013, inayopanga statut ya askari. Matunzo ya afya ni kati ya haki zake. Haikuandikwa kwamba kolonele akiwa na moyo mzuri atasaidia. Ni haki.

Kwa reservisti, mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria ya kuunda Réserve armée de la défense, ile tunaita RAD. Tunaelewa sababu: vita ilikuwa inasonga, na vikundi vya wazalendo vilikuwa tayari pa milima. Pia Katiba, kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda majeshi ya pembeni au kulisha vijana wenye silaha. Ni uhaini mkubwa. Kwa hiyo RAD ilikuwa mlango wa kisheria: kijana aingie mu kitabu cha Leta, asibakie mtu wa kamanda fulani.

Sasa tunauliza: kitabu hicho kiko wapi? Pa redio, kijana ni mzalendo, ni shujaa, ni mtoto wa nchi. Pa dirisha la kulipia ku hospitali, anakuwa "huyu haiko ku liste". Mtu hawezi kuwa reservisti asubuhi wakati wa kupiga risasi, kisha jioni akawa raia wa kawaida wakati wa kutolewa risasi. Leta ichague. Kama ni askari wake, imlipie. Kama si askari wake, basi isimtume tena, impokonye silaha na kumrudisha kwao.

Shida iko pa njia

Tulikaa na watu wengi kabla ya kuandika: wauguzi, bibi za askari, motari wanaobeba waliojeruhiwa, na askari wenyewe wakiwa bila uniformi, mbele ya chupa ya sukari. Kila mmoja alituelezea kwa maneno yake, lakini tulisikia kitu kimoja: pesa ya matunzo na dawa zinafuata njia ile ile ya amri. Zinashuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, mkono kwa mkono. Na kila mkono una vidole.

Njia hii tunaijua. Zamani mshahara wa askari ulipita hapo. Kamanda alipokea pesa ya kikosi kizima, yeye mwenyewe akagawa. Kulikuwa majina ya watu waliokufa ambao bado wanalipwa, na watu hai ambao hawaoni kitu. Tangu mwaka 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliitwa EUSEC ulisaidia kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri: askari walihesabiwa, wakapewa kadi, na kamanda akaondolewa polepole kati ya askari na pesa yake. Baadaye benki ikaingia. Haikumaliza wizi wote, hapana. Lakini askari alijua kwamba mshahara ni wake, si zawadi ya mkubwa.

Mwezi wa tatu 2025 serikali ilitangaza kuongeza mshahara wa askari mara mbili. Ni vizuri, hatukatai. Lakini fanyeni hesabu. Askari wa chini, hata baada ya kuongezwa, akipasuliwa mara moja na kulala wiki mbili ku hospitali, mshahara umeenda, na wa mwezi unaofuata pia. Nyongeza ya mshahara haiwezi kuwa badala ya matunzo. Unamjazia mtu ndoo wakati ndoo imetoboka chini.

Kwa hiyo neno letu kubwa ni hili: kile kilichofanywa kwa mshahara kifanywe kwa dawa. Matunzo ya askari na ya reservisti yatoke mu mikono ya makamanda. Leta ilipe hospitali moja kwa moja, kwa kadi yenye namba, na kamanda asiwe na kitu cha kusaini ili mtu wake atibiwe.

Leta inajua kufanya ikitaka

Tusiambiwe haiwezekani. Walimu wa nchi hii wana mituweli yao ya afya, MESP, iliyoanza mwaka 2011. Ina kasoro, na walimu wanalalamika mara mingi, lakini msingi uko: mwalimu ana kadi, anaingia ku hospitali iliyosaini mkataba, na deni linaenda kwa mituweli. Hakuna mwalimu anayeombwa kwanza barua ya directeur aliye na roho nzuri.

Mwezi wa tisa 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzalisha akina mama bure, chini ya ule mpango mkubwa wa afya kwa wote, na majimbo mengine yakafuata. Hapo pia wazo ni lile lile: mama hatoi pesa, hospitali inamtibu, Leta inalipa hospitali. Ku hospitali fulani malipo yanachelewa na waganga wanalia. Ni kweli, na tunasimama pamoja nao. Lakini kanuni ni nzuri, na tayari imeandikwa.

Basi bibi ya askari anayezaa, na mtoto wa askari mwenye homa, na reservisti mwenye risasi, waingie mu mlango huo huo. Hatutaki hospitali ya peponi kwa wakubwa wa jeshi na sakafu kwa wadogo. Hatutaki pia kila kitu kijengwe Kinshasa. Hospitali kubwa ya jeshi iko ku kambi Kokolo, na ina kazi yake. Lakini kutoka Beni mpaka Kokolo ni zaidi ya kilomita 1500 kwa ndege. Damu haingojei ndege. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa mguu anaweza kufa mbele ya motari kumaliza kuwasha moto yake. Kinachomwokoa ni mkanda wa kufunga damu, mwenzake aliyefundishwa kuufunga, na hospitali ya karibu ambayo haitauliza kwanza nani atalipa. Mkanda huo bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya bunduki. Tunaona bunduki zinafika. Mikanda hatuioni.

Kile tulichoona Goma

Sasa tunafika pa sehemu ngumu, na tunaomba muisome mpaka mwisho.

Mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 walikuwa wanaingia Goma, hospitali za mji zilijaa. CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, ilipokea waliojeruhiwa kupita vitanda vyake. Walikuwa raia, walikuwa askari, walikuwa wazalendo, wote mu veranda moja. Waganga hawakuuliza kikosi. Hiyo njo heshima ya kazi yao.

Kisha, mwisho wa mwezi wa pili, kadiri ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, wapiganaji wa M23 waliingia usiku ku CBCA Ndosho na ku Heal Africa, wakachukua wagonjwa na waliojeruhiwa wasiopungua 130, wakiwashuku kwamba ni askari wa FARDC ama wazalendo. Walitolewa pa vitanda vyao. Mikataba ya Geneva ya 1949 iko wazi: mtu aliyeumia, aliyeweka silaha chini, hapigani tena, anatibiwa, haguswi. Kinawahusu M23, kinaihusu FARDC, kinawahusu wazalendo. Mzalendo anayemfuata adui aliyejeruhiwa mpaka pa kitanda anafanya ubaya ule ule.

Juu ya nini tunakumbusha hii? Juu kadi tunayoomba inaweza kugeuka hatari kama itafanywa vibaya. Kadi iliyoandikwa "reservisti, kikundi fulani, kamanda fulani", siku mji unabadilisha mikono, ni karatasi ya kuuawa. Kitabu cha hospitali chenye vyeo vya watu ni liste tayari kwa anayewatafuta. Tumejifunza hilo kwa machozi.

Kwa hiyo tunasema: kadi ya askari na ya reservisti ifanane na kadi ya raia mwingine yeyote wa mpango wa afya. Jina, namba, basi. Muuguzi aone tu kwamba namba inalipwa. Nani ni nani kijulikane kwa ofisi ya kulipa, mbali na fronti, si pa dirisha la hospitali. Na hospitali ibakie hospitali: bunduki isiingie, hata ya mlinzi wa jenerali. Vijana wanaopenda kuingia na silaha ku urgence "juu ya kulinda mwenzao" wanamuweka mwenzao mu hatari, na wagonjwa wengine wote pia.

Wanatuambia hivi, tunajibu hivi

"Wazalendo wengine ni wezi na wauaji, mbona tuwalipie?" Ndiyo, kati yao kuna waliofanya maovu, na tuliyasema majina ya maovu hayo wakati wengine walinyamaza. Jibu la uovu ni upelelezi na tribunali. Kidonda si tribunali. Tena mtu aliyeandikwa, mwenye namba, aliye mu kitabu cha Leta, ni rahisi kumfikisha mbele ya muamuzi kuliko yule ambaye hakuna anayemjua ila kamanda wake. Kitabu kile kile kinachomlipia dawa kinamfanya ajibu.

"Leta haina makuta." Leta yenye makuta ya kununua vifaa vya vita imekubali tayari kwamba watu wataumia. Mtu akinunua gari bila kuweka pesa ya mafuta, hatusemi ni maskini, tunasema hakupanga. Bunge lilipitisha sheria ya kupanga matumizi ya jeshi kwa miaka 2022 mpaka 2025. Wabunge wetu watuambie mbele ya watu: mu matumizi hayo, afya ya askari ilipewa sehemu gani, na imefika wapi?

"Raia mwenyewe hana matunzo, mnataka askari apite mbele?" Hapana. Tunakataa kupiganisha maskini wawili. Hospitali ikilipwa na Leta kwa askari kumi waliojeruhiwa, inanunua dawa, inalipa wauguzi, na mama anayezaa usiku ule anapata maji ya serumu. Leo ni kinyume: askari kumi wanatibiwa kwa deni, deni halilipwi, duka la dawa linabakia tupu, na mama anatumwa kununua gants inje. Hospitali zetu mingi zinaishi kwa kile wagonjwa wanalipa. Njo maana hatulaumu waganga wanaoshika mgonjwa juu ya deni kama vile wao ni watu wabaya, hata kama kumshika mgonjwa ni vibaya na tunakataa. Deni lisilolipwa na Leta linageuza muuguzi kuwa polisi.

"Kuna watoto kati ya wazalendo, hao pia wapewe kadi?" Mtoto hapewi kadi ya reservisti. Mtoto anatibiwa mara moja, bila swali, kisha anatolewa mu vita na kurudishwa kwa familia ama kwa wale wanaolinda watoto. Na yule aliyempa bunduki anatafutwa. Hapo hatuna majadiliano.

Tunachoomba

Serikali ya jimbo letu inafanya kazi hapa Beni tangu Goma ilipochukuliwa. Haiko mbali. Kwa hiyo tunasema kwa liwali, kwa ministre wa ulinzi, kwa ministre wa afya na kwa wabunge wa Nord-Kivu:

1. Kuanzia leo, mtu yeyote aliyejeruhiwa vitani, awe soda, reservisti ama raia, asishikwe ku hospitali juu ya deni. Fakitire yake itumwe kwa Leta.

2. Reservisti wote wahesabiwe na watu wasio makamanda wao, na waingizwe mu mpango wa afya kwa kadi yenye jina na namba tu. Asiyehesabiwa asitumwe kupigana.

3. Bibi na watoto wa askari waingie mu mpango huo huo, hata kama askari amekufa. Mjane asifukuzwe ku kambi leo na ku hospitali kesho.

4. Kila kikundi kinachotumwa mbele kiwe na mkanda wa kufunga damu kwa kila mtu, na watu waliofundishwa kuutumia.

5. Deni za zamani za hospitali za Beni, Butembo, Oicha na Lubero zihesabiwe mbele ya watu, na zilipwe kwa tarehe inayojulikana.

Hayo yote hayahitaji mkutano mwingine mu hoteli ya Kinshasa. Yanahitaji saini, na mtu wa kufuatilia saini hiyo.

Na wewe, rafiki unayesoma pa simu

Tusiache yote kwa wakubwa. Kuna mambo tunaweza kufanya sisi wenyewe, wiki hii.

Kwanza, acha kupiga picha za waliojeruhiwa na kuzitupa mu vikundi vya WhatsApp. Tunajua unafanya juu ya huruma, ama juu ya kuonyesha kwamba vita ni ya kweli. Lakini uso ule unaonekana kwa mama yake mbele hajaambiwa, na unaonekana pia kwa anayemtafuta. Baada ya Goma hatuna ruhusa ya kusema hatukujua.

Pili, toa damu. Uliza ku hospitali ya karibu siku gani wanapokea. Damu haina kikosi, na ile unayotoa leo inaweza kuingia mu mwili wa soda ama wa shangazi yako anayezaa.

Tatu, tuletee fakitire. Kama familia yako ililipa matunzo ya mtu aliyejeruhiwa vitani, piga nakala ya karatasi, futa jina la mgonjwa, futa jina la kikundi chake, acha tarehe na bei. Wape vijana wetu wa kartiye mkono kwa mkono, si kwa kuziweka mu intaneti. Tutazihesabu, tutazifunga pamoja, na tutazibeba kwa miguu, bila kelele na bila jiwe, mpaka ku ofisi ya liwali. Tutaziweka pa meza. Na tutaomba karatasi ya kupokelewa, yenye muhuri.

Ya kwanza tunayo tayari. Ina alama ya mafuta ya ngazi pembeni, juu mama aliifunga pamoja na chakula alichokuwa anampelekea mtoto ku hospitali. Chini, pa nafasi ya mlipaji, muhasibu aliandika kwa bik ya bluu neno moja: "Mama."

Tunataka neno hilo lifutwe, na mahali pake paandikwe jina la yule aliyetangaza vita.